Waraka wa Unga wa Kijani

Wenceslaus alichota unga wa kijani kwa kijiko cha chai, akausawazisha kwa mgongo wa kisu kama karatasi ilivyoagiza, akaumimina kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na kukoroga. Maji yakageuka kijani kizito, yakaanza kutoa harufu ya bwawa. Magreti, mkewe, akakisogeza kigoda chake mbali kidogo.

"Siku ya kliniki na bado unakunywa tope," alisema.

"Si tope. Ni chakula."

"Chakula gani kinapimwa kwa kijiko kama dawa?"

Swali hilo lilikuwa limemkaa Wenceslaus mwenyewe kichwani mwezi mzima. Alifumba macho, akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo.

Kilichomtatiza zaidi ni kwamba alikuwa anaujua unga ule. Miaka kumi na tisa aliyofanya kazi ya reli, stesheni ya Kidete, kila baada ya miezi mitatu alitakiwa kuingia ndani ya tangi la maji na brashi ya chuma, ausugue utando wa kijani ulioota ukutani. Stesheni masta alisimama juu akimhimiza, akisema uchafu ule utaua abiria. Sasa reli ilikuwa imempunguza pamoja na wenzake, na utando wa namna ileile, umekaushwa, umesagwa, umetiwa kwenye kopo lenye picha ya jani, bei yake ilizidi ya debe la mahindi. Loveth, aliyemuuzia, alimhakikishia kwamba huu si ule. Huu unafugwa kwenye mabwawa safi huko nje, una protini kuliko nyama, unashusha sukari, unashusha presha, unashusha mafuta ya tumboni. Wenceslaus alimuuliza kama kuna chochote unachopandisha. Loveth alicheka, akasema unapandisha nguvu.

Kabla ya kutoka aliingia chumbani, akachukua faili lake la karatasi za ugonjwa wa sukari. Zilikuwa tatu, amezipanga kwa tarehe. Ya kwanza ilitoka kliniki: vidonge viwili kila asubuhi, aache sembe, ale dona kidogo na mboga nyingi. Ya pili ilitoka kwa watu wa semina waliopita mtaani kwao Mabwerebwere na gari jeupe: hata dona aiache, ale mtama. Ya tatu ndiyo iliyokuja na kopo. Hiyo ilisema mwili urudishwe kwenye asili yake na kemikali ziachwe.

Mtu mwingine angezisoma zote tatu na kuchagua inayompendeza. Wenceslaus hakuwa mtu wa namna hiyo. Reli ilimfundisha kwamba waraka mpya unafuta wa zamani. Ratiba ikija yenye tarehe ya leo, ya jana ni ya kufungia karanga, na anayeendelea kuifuata atagonganisha treni. Kwa hiyo wiki sita zilizopita alisoma tarehe iliyopigwa chapa chini ya karatasi ya tatu, akaona ni mpya kuliko zote, akavisimamisha vidonge. Aliviweka vilivyobaki juu ya kabati hadi Magreti alipompa jirani aliyekuwa hana kabisa.

Alitoka akichechemea. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa na kidonda tangu mwezi uliopita, kimefungwa kitambaa. Mkononi alibeba kichupa cha mkojo kilichoviringishwa gazeti, na njia nzima watu wakamsalimia wakikitazama kama asali.

Kliniki ilikuwa na benchi mbili na watu wa benchi nne. Zamu yake ilipofika, muuguzi Fausta alimwamkia kabla hajaketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista."

Fausta alitia matone ya mkojo kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya bluu, akakishika kwa kibanio juu ya taa ya spiriti. Wenceslaus aliikodolea macho ile bluu. Ikawa kijani, ikawa njano, haikusimama. Ilipoacha kubadilika ilikuwa rangi ya tofali la kuchoma. Fausta akachukua kadi, akaandika alama nne za jumlisha.

"Mzee wangu, vidonge unameza?"

"Nilivisimamisha. Kwa mujibu wa waraka mpya."

Akamfungulia faili na kumwonyesha. Fausta alisoma karatasi ya tatu mpaka mwisho, akaigeuza, nyuma hakukuwa na kitu.

"Nani alikwambia hii inafuta ya kwetu?"

"Tarehe."

Akamweleza habari ya nyaraka na ratiba, taratibu, kama anavyomfundisha mtu mpya kazini. Fausta hakucheka. Alikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile.

"Hapa hakuna stesheni masta, mzee. Siku hizi kila mtu anatoa karatasi yake."

"Basi niandikie wewe. Andika kwamba huu wa unga umefutwa. Tia sahihi na muhuri, mimi nitafuata."

Fausta aliutazama mlango wa daktari. "Siwezi kuandika hivyo. Kwanza sijui kama huo unga ni mbaya. Huenda unasaidia kidogo, ukila na mboga zako na dona lako na vidonge. Huenda hausaidii. Sisi hatujaletewa maelezo yoyote. Na daktari mwenyewe kamnunulia mama yake kopo."

"Kwa hiyo ni dawa?"

"Imeandikwa chakula."

"Kwa hiyo ni chakula."

"Mzee, vua kiatu nikione kidole."

Fausta alikifungua kitambaa. Wenceslaus aliona uso wake ukibadilika, na hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Rangi za kwenye kichupa zilikuwa habari za watu wengine, lakini mguu ulikuwa wake.

"Hiki hakisubiri," Fausta alisema. "Sukari isiposhuka wiki hizi mbili, utakwenda Morogoro, na huko watakikata. Wakichelewa watakata na mguu. Uanze vidonge leo. Si kesho."

"Nipe."

Fausta alishusha macho. "Kwenye dirisha letu la dawa vimekwisha tangu mwezi uliopita. Hapa mjini nimeulizia, hakuna. Mikumi lipo duka la dawa jirani na stendi, wanavyo. Wanafunga saa kumi na mbili."

Mikumi alikuwa anakwenda hata hivyo. Loveth alikuwa amemwalika kwenye mkutano wa saa tisa ili atoe ushuhuda, na mtoa ushuhuda hupewa bahasha ya fedha. Fedha nyingine ya vidonge hakuwa nayo. Akiwa kwenye Canter ya vitunguu, mguu ameunyoosha juu ya gunia, vumbi la kijiji cha Ulaya likimjaa masikioni, Wenceslaus alizungusha jambo hilo kichwani na kila alipolizungusha lilimshinda. Ili apate vidonge, alitakiwa kwanza awaambie watu kwamba vidonge havina kazi. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na kidonda.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa baa kando ya barabara kuu. Malori yalipita yakitetemesha viti vya plastiki. Mbele palikuwa na meza yenye makopo yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, na mtu wa Morogoro aitwaye Simoni, mwenye tai na kipaza sauti, akijaribu kama kinasikika. Loveth alimlaki mlangoni.

"Shikamoo, baba. Nilidhani hufiki."

"Marahaba. Nimepimwa leo, mwanangu. Alama nne."

Loveth alimvuta pembeni, karibu na kreti za bia. "Baba, habari za alama usizitaje. Wewe sema unavyojisikia tu."

"Najisikia kiu."

Loveth aligeuka kuyatazama makopo mezani. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, zamani karani wa kiwanda cha magunia, hadi kiwanda kilipouzwa na mnunuzi akang'oa mashine.

"Nina makatoni kumi na moja chini ya kitanda," alisema polepole. "Mafao yangu yote yamo humo. Nilivyoambiwa ndivyo ninavyosema."

"Lakini wewe unajua kama unaponya?"

"Sijui, baba. Naamini."

"Niandikie basi hivyo, utie sahihi."

Hakuandika. Akamwonyesha kiti.

Kiti cha jirani alikikalia mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Joha, mkulima wa bondeni. Mumewe alikuwa na sukari, macho yameanza kuingia ukungu. Alikuja na fedha ya mahindi, ameifunga kwenye pindo la khanga, na kila alipozungumza vidole vyake vilirudi kwenye fundo kulipapasa.

"Nimeambiwa akianza huu unga, vidonge aache," alisema. "Baba, wewe ndiye uliyepona?"

"Ndiye niliyealikwa," Wenceslaus alijibu.

Walipomwita, alikwenda mbele na faili lake. Alivaa miwani. Hakujua kutoa ushuhuda. Alijua kusoma maagizo kwa sauti ili mwenzake ayarudie, na ndivyo alivyofanya. Alisoma karatasi ya kwanza na tarehe yake. Akasoma ya pili na tarehe yake. Alipofika ya tatu watu walipiga makofi, akangoja yaishe. Kisha akatoa kadi.

"Hii ni ya leo, saa nne na nusu asubuhi. Wiki sita nimekunywa unga bila kukosa, vidonge niliacha. Mkojo umekuwa rangi ya tofali. Kidole kinaoza. Nauliza mwenye mamlaka hapa, karatasi ipi ndiyo inayofanya kazi?"

Loveth alitazama sakafu. Lakini Simoni alikuwa ameshakichukua kipaza sauti, na tabasamu lake halikuwa limepungua hata chembe.

"Mmemsikia mzee? Mmemsikia? Sukari inatoka! Ilikuwa imejificha mwilini, sasa inatolewa nje. Hata hicho kidonda, hiyo ni sumu inatafuta mlango. Wangapi hapa sumu zao bado zimelala? Makofi kwa mzee wetu!"

Makofi yakaja, mengi kuliko ya mwanzo. Wenceslaus alisimama na kadi mkononi akijiuliza kama amesoma vibaya. Kwa kitambo kidogo hata yeye aliona maneno yale yana mantiki. Mbona tangini pia, ukisugua, maji huchafuka kwanza? Halafu kidole kikamchoma.

Watu walianza kupanga foleni kuelekea mezani. Simoni alimfuata, akamtia bahasha mkononi, akasema kwa sauti ya chini, kirafiki kabisa, "Umetisha, mzee. Pita mlango wa nyuma tu, tusiwachanganye watu."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili kasoro dakika tano. Duka la dawa lilionekana dirishani, ng'ambo ya barabara, milango yake ya kijivu bado wazi. Bahasha ilikuwa nene ya kutosha. Mlango wa nyuma ulikuwa hatua sita.

Joha alikuwa kwenye foleni, wa tano, fundo la khanga ameshaanza kulifungua. Aligeuka.

"Baba, kwa hiyo ninunue au nisinunue? Vidonge vya baba watoto aache au asiache? Mimi sijaelewa."

Wenceslaus alifungua mdomo. Angemwambia nini? Kwamba unga si mbaya, labda, kwa mtu mwenye vidonge na mboga na daktari anayejua? Kwamba yeye mwenyewe kesho angeweza kuunywa tena? Sentensi zote zilizomjia zilikuwa na labda ndani yake, na labda haisimamishi treni.

Mwaka ule mto Mkondoa ulipokula tuta la reli karibu na Kidete, alikutwa relini bila bendera wala taa, na garimoshi la abiria linakuja. Kanuni ilikuwa wazi. Usiye na bendera, simama mbele, nyoosha mikono yote miwili juu.

Aliiweka bahasha juu ya kopo la kwanza. Akachechemea hadi kati ya meza na foleni, akajigeuza kuwatazama watu, akainyoosha mikono yote miwili juu, kadi ya kliniki ikiwa bado katikati ya vidole.

"Amina," alisema mama aliyekuwa mbele, akampita kwa kulia.

Wa pili naye alimpita. Simoni alicheka kwenye kipaza sauti, akasema mzee ameguswa. Loveth hakucheka. Wa tatu akapita, na wa nne. Joha alisimama alipo, fundo la khanga ameliziba kwa kiganja, nyuma yake watu wakaanza kumsukuma na kumuuliza anangoja nini.

Ng'ambo ya barabara, mwenye duka alitoka akaanza kuburuta mlango wa kwanza. Wenceslaus alimwona. Mabega yaliwaka, kiu ilimkausha ulimi, mguu wa kulia uliacha kuihisi sakafu. Kanuni ilikuwa haijafutwa na waraka wowote aliouona. Mikono haishushwi mpaka treni isimame.