Mjukuu Asiyeshtuka

Mimi ni fundi wa nguo, na mtaa wetu mzima wa Nyamirambo unajua kwamba mdomo wangu hauna kifuniko. Anayekuja kupimwa kiuno huondoka na shauri ambalo hakuliomba. Kwa hiyo mjukuu wangu Ihirwe alipotimiza miaka miwili bila kusema hata "mama", majirani walinitania kwamba nimeyala maneno yote ya nyumba ile, mtoto hakubakiziwa hata moja. Nilicheka nao. Nilicheka muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Mama yake anaitwa Uwimana, mke wa mwanangu Usumani. Usumani ni dereva wa lori. Tangu vita vianze kule kaskazini na barabara ya Uganda ifungwe, alikuwa akipitia mpaka wa Rusumo kwenda Dar es Salaam, na akishaondoka hatumwoni wiki tatu, wakati mwingine nne. Uwimana alikuwa anauza vitenge sokoni kuanzia asubuhi, kwa hiyo mchana mtoto alikuwa wangu.

"Mama," Uwimana aliniambia siku moja, "huyu mutoto hajasema kitu. Ule wa jirani iko anaomba mpaka maji."

"Baba yake alisema na miaka tatu," nikamjibu. "Na mutoto mwanamuke kunyamaza ni heshima. Si ugonjwa."

Niliongeza chumvi hapo. Usumani alisema "mama" kabla hajajua kusimama. Nilitaka kumtuliza mkamwana wangu, au labda nilitaka kujituliza mwenyewe. Hata leo sijui. Aliuliza tena mara mbili tatu, kisha akaacha, nami nikajua ameridhika.

Mtu akinibana sana kuhusu masikio ya mtoto, nilikuwa na ushahidi. Cherehani yangu ilikaa barazani juu ya sakafu ya mbao, kwa sababu baraza ni ya udongo na mvua ikinyesha huwa tope. Ihirwe alikuwa anacheza pale pale kwenye mbao, nyuma yangu, asipoweza hata kuniona miguu. Nikianza tu kukanyaga pedali, anageuka. Anakuja, anajibandika kwenye mguu wa cherehani na kuguna "mmm, mmm" nayo. Niliwaonyesha wateja. Niliwaonyesha mashemeji. "Mnaona? Anasikia kuliko ninyi, na kuimba anaimba."

Mwezi wa Mei mwaka ule wa 1992 lilirushwa bomu la mkono huko chini Kimisagara, alasiri, watu wakiwa kwenye shughuli zao. Siku zile mabomu yalikuwa yanarushwa, leo hapa, kesho pale, na nani aliyeyarusha hukupata jibu. Mlio ulipanda bondeni mpaka kwetu. Mimi nilijitupa chini na gauni la watu mkononi. Mteja wangu alijificha nyuma ya mlango akitaja majina yote ya Mungu. Tulipoinua vichwa, Ihirwe alikuwa amekaa vile vile, anapanga vifungo vya makoti mkebeni, kimoja kimoja, kama hakuna lililotokea.

"Huyu ni simba!" mteja akasema.

Habari ikaenea mtaa mzima. Watoto wengine walikuwa wanalala uvunguni, wanakojoa kitandani, na mimi nina mjukuu asiyeshtuka. Nilivimba kichwa. Nikasema amemrithi babu yake, Mungu amrehemu, ambaye hakuogopa hata simba wa kweli. Uwimana alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake la vitenge, hakucheka.

Mwezi wa Septemba ukafika, mtoto ana miaka miwili na nusu, na bado anaguna tu. Usiku nilikuwa nahesabu watoto wote niliowahi kuwajua walioanza kusema wakiwa wamechelewa, na hesabu haikufika mbali. Lakini kila nilipowaza, nilirudi pale pale: masikio ni mazima, nimeyajaribu mwenyewe kila siku kwa cherehani. Basi kosa liko kwenye ulimi. Na wa ulimi nilikuwa namjua.

Mzee Habiyaremye alikuwa mkata vimeo. Mtoto akikohoa sana au akikataa kula, watu walimpelekea, naye anakata kile kinyama kinachoning'inia kooni. Watoto waliochelewa kusema aliwakata uzi ulio chini ya ulimi. Alikuwa na wembe, kiwaya kilichopindwa na chupa ya maji ya majani. Wengine walipona, au wangepona tu hata bila yeye. Mtoto mmoja wa Kimisagara alitoka damu siku mbili, lakini hilo nililiweka kando. Nikapatana naye aje Jumamosi ya pili ya Oktoba.

"Usumani iko anajua?" Uwimana akaniuliza nilipomweleza.

"Akirudi atakuta mutoto anamwita kwa jina."

"Yego, Mama," akaitikia, akaingia ndani.

Alhamisi ya wiki ile ilinyesha mvua ya mawe. Mbao za baraza zilikuwa zimeanza kuoza zamani, na asubuhi ya Ijumaa moja ikavunjika nikiwa juu yake. Fundi seremala akaja akang'oa zote, akasema ataleta mpya Jumatatu. Nilikuwa na magauni matatu ya harusi ya Jumapili, sina muda wa kungoja seremala. Nikawaomba vijana wawili waniingizie cherehani sebuleni, kwenye sakafu ya saruji.

Baada ya sala ya Ijumaa nikakaa kushona. Ihirwe alikuwa nyuma yangu kidogo, amenipa mgongo, na mkebe wake wa vifungo. Nikakanyaga pedali.

Hakugeuka.

Nikadhani amenuna, maana asubuhi nilimnyang'anya mkasi. Nikashona mshono mzima wa ubavuni, ule mrefu. Nikageuza shingo. Bado anapanga vifungo. Nikatoa kitambaa, nikakanyaga bila kitu, kwa kasi, cherehani ikalia mpaka meza ikatetemeka. Mtoto akachukua kifungo chekundu, akakitazama, akakirudisha.

"Ihirwe."

Nikaita kwa nguvu. Nikapiga makofi. Nikaenda jikoni nikaleta sufuria na mwiko, nikasimama hatua mbili nyuma ya kichwa chake, nikapiga sufuria ile kama mwendawazimu mpaka jirani akapaza sauti kuuliza kuna nini. Nywele zake ndogo za kisogoni nilikuwa naziona zote, na kichwa kile hakikusogea hata kidogo.

Niliweka sufuria chini. Nikamzunguka mpaka aliponiona, akatabasamu. Nikamshika mkono, nikakibandika kiganja chake kwenye meza ya cherehani, na kwa mguu nikakanyaga pedali. Uso ukamng'ara. "Mmm," akaguna. "Mmm."

Zile mbao zilikuwa zinatetemeka. Siku zote zile alikuwa anaihisi cherehani matakoni, si masikioni. Na mimi nikawaita wateja waje kuona.

Jioni ile Uwimana aliporudi kutoka sokoni, nilikuwa na maneno yote mdomoni na sikutoa hata moja. Nilimpakulia chakula. Nikamuuliza bei ya vitenge. Ningemwambia nini? Kwamba mkwewe mjuzi wa kila kitu hakujua kutofautisha mtoto jasiri na mtoto kiziwi? Nilijitia hamnazo, lakini hofu ilikuwa imeniingia kwenye mifupa. Katika mji ule siku zile, mtu aliambiwa "simama" mara moja tu. Vizuizi vilikuwa kila njia panda, na kijana mwenye bunduki hana subira ya kukuita mara ya pili. Nilimtazama Ihirwe akikimbia uani, nikamwona ana miaka minane, ana miaka kumi, amempa mgongo mtu anayemwita. Sikulala.

Jumamosi asubuhi Mzee Habiyaremye akabisha hodi, na kifurushi chake cha kitambaa cheupe.

"Mama Usumani, amani? Mutoto iko wapi? Ni kazi ya dakika moja."

Nikaita, "Uwimana!" Nilitaka aje nimwambie, ingawa sikujua nitaanzaje. Akatoka chumbani. Alikuwa amemfunga Ihirwe mgongoni kwa kitenge, mabegi mawili mkononi, na viatu vya safari miguuni.

"Nakwenda kwa dada yangu Kagugu," akasema. Kagugu ni mbali na kwetu, ni upande mwingine kabisa wa mji. "Sikubali bamukate mutoto yangu, Mama. Unifukuze, umwambie Usumani aoe muke mwingine. Lakini sikubali."

Tangu aolewe hajawahi kunikatalia hata chumvi. Mzee Habiyaremye alitazama dari. Nami nikasema kile nilichokuwa nimekificha tangu jana.

"Hasikii. Uwimana, huyu mutoto hasikii."

Nilingoja apige yowe. Aliweka begi moja chini, polepole.

"Najua," akasema.

Mzee Habiyaremye ana akili zake. Aliaga akaondoka na kifurushi chake. Uwimana akaingiza mkono kwenye begi, katikati ya nguo za mtoto, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, lakini muhuri wa kituo cha afya niliujua, na tarakimu nazijua vizuri, ndiyo kazi yangu. Tarehe 14 Juni 1991. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu.

"Nilimupeleka na homa," Uwimana akasema. "Munganga Gratien akamwita kwa nyuma, hakugeuka. Akapiga mikono, hakugeuka. Akaniambia, mutoto wa mwaka moja ukimwita kwa nyuma anageuka. Kama hageuki, usingoje maneno. Akaandika hii, nimupeleke hospitali kubwa."

"Na hukuniambia?"

"Siku ile nilirudi, ulikuwa barazani na wale wamama. Ulikuwa unawaambia mwanamuke anayetafutia mutoto wake ugonjwa, ataupata. Halafu ukaniuliza mbele yao, kama kwetu iko bubu." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Usumani nilimwambia tu naogopa mutoto hasikii, karatasi sikumuonyesha. Akasema, kama Mama anasema anasikia, anasikia."

Sikukumbuka kusema maneno yale. Ndilo lililoniuma zaidi: kwake yalikuwa kufuli, na mimi nilikuwa nimeyatupa tu kama ganda la ndizi.

Usumani alirudi Jumatano, na Alhamisi tukaenda hospitali sote wanne. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa moja mpaka saa saba. Nilikuwa na ile karatasi kwenye pochi yangu. Uwimana alikuwa ameniachia, hajaidai, wala hajamwambia mumewe kwamba ipo. Kila mlango ulipofunguliwa, niliifunga pochi tena.

Daktari wa masikio alimkalisha Ihirwe kwenye mapaja ya baba yake, akagonga bakuli la chuma nyuma yake, kulia, kushoto, karibu, mbali. Akaingiza taa masikioni. Akaandika. Usumani alikuwa anamtazama mtoto na kila bakuli lilipogongwa alishtuka yeye.

"Hasikii," daktari akasema kwa Kinyarwanda. "Mlianza kuona lini?"

Uwimana alinitazama. Kisha akamtazama mumewe, akasema, "Wiki iliyopita."

Alinisitiri. Baada ya yote yale, mbele ya mwanangu, alinisitiri mimi. Ningeweza kunyamaza, na Mungu anajua nilitaka kunyamaza.

"Si wiki iliyopita," nikasema. Nikatoa karatasi, nikampa daktari. "Mama yake alijua Juni mwaka jana. Mimi ndiye nilimufunga mudomo."

Usumani akageuka kunitazama, na macho yale sijawahi kuyaona kwake, hata alipokuwa mtoto nikimchapa. Daktari akasoma karatasi, akahesabu miezi kwa kidole. Ningefurahi angenikemea. Hakunisemesha kabisa, alisema na Uwimana.

"Kuna shule ya masista huko kusini, wanafundisha watoto hawa kusema kwa mikono, na wazazi wao pia. Ungemleta na karatasi hii, sasa hivi angekuwa anakuita."

Nililia pale pale, fundi mzima, mbele ya watu, na hakuna aliyenibembeleza. Usumani aliinuka na mtoto begani, akaenda kusimama dirishani.

Uwimana hakulia. Alivuta kiti karibu na meza. Akamuuliza daktari neno "mama" husemwaje kwa mikono. Daktari akasema yeye hajui, masista ndio wanajua. Uwimana akauliza basi la kwenda huko huondoka saa ngapi.