Jicho la Darlène

Darlène alikuwa na miaka minne homa ilipomshika. Mdomo ukajaa vidonda, ufizi ukavimba, hata uji akawa anaukataa. Mama yake, Pélagie, aliyetoka Bukavu akiwa na mimba ya mtoto huyo huyo, aliacha kutembeza vitenge alivyokuwa akivichukua kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo, akakaa naye chumbani kwao mtaa wa Namuwongo. Alilowanisha kitambaa kwa maji baridi, akawa anampangusa udenda mdomoni, kisha paji la uso, kisha macho yaliyojaa machozi. Mtoto alitulia pale tu alipopanguswa.

Darlène alikuwa na mazoea ya kunyonya kidole gumba. Gumba hilo nalo likatoka malengelenge madogo madogo, Pélagie akadhani ameungua na chai. Halafu jicho la kulia likawa jekundu. Mlango ukifunguliwa tu mtoto anaficha uso, maana mwanga ulimchoma.

Mumewe, Barnabé, aliyekuwa akipakua mizigo ya mabehewa bandarini Port Bell, alirudi na matone ya macho aliyouziwa kwenye duka la dawa. Wekundu ukapungua. Wakamshukuru Mungu, Pélagie akarudi kwenye vitenge vyake. Wiki iliyofuata ukungu mweupe ulikuwa umetanda katikati ya jicho.

Kwenye kliniki ya macho walimkuta daktari Mkenya, Khisa. Pélagie, ambaye Kiganda chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu, alifarijika kusikia Kiswahili. Khisa alimtazama mtoto mdomo, kidole, kisha jicho, na kwenye jicho akakawia mno. Aliwaeleza kwamba ugonjwa ulikuwa mmoja tu. Ni virusi vya malengelenge, ambavyo watu wengi wanavyo bila kujua. Vilianzia mdomoni, majimaji ya vidonda yakavipeleka kidoleni, na kutoka hapo au kwa njia nyingine vikafika jichoni. Matone yale yalikuwa ya kutuliza uvimbe. Yaliondoa wekundu, lakini yaliviachia virusi nafasi ya kula kioo cha jicho. Sasa angempa dawa inayofaa, ila kovu lingebaki.

"Hiyo njia nyingine ni ipi?" Pélagie akauliza.

Khisa akasema mara nyingi ni mkono wa mtoto mwenyewe. Pélagie akamweleza habari ya kitambaa.

"Inawezekana," daktari akasema. "Lakini hakuna atakayejua, Mama. Na wewe ulikuwa unamuuguza."

Njiani Barnabé alisema aliyenunua matone ni yeye, na kama kuna wa kulaumiwa basi ni yeye. Walipofika nyumbani akasema tena. Maneno hayo hayakumwingia mkewe.

Dawa ilikausha vidonda vyote, ukabaki ule weupe. Ukimziba Darlène jicho la kushoto, aliuona mkono wako kama kivuli. Yeye alizoea upesi. Alijigonga milangoni kwa muda, halafu akaacha. Aliyeshindwa kuzoea ni mama yake. Alimpikia, alimsuka nywele, alimbeba mgongoni, lakini uso wake hakuugusa tena. Kumnawisha uso ikawa kazi ya Barnabé kabla hajaenda bandarini, na siku alizodamka mapema mno, mtoto alishinda na tongotongo.

Jumapili moja Barnabé alikuwa kazini. Darlène alisimama mbele ya mama yake na gauni la kanisani, uji umemkaukia kidevuni.

"Mama, sura yangu iko mubaya?" aliuliza. "Ni juu ya jicho ndio hautaki kunigusa?"

Pélagie akasema si mbaya hata kidogo. Akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akamimina maji safi kwenye beseni na kupiga magoti. Darlène alifumba macho, akainua uso kama alivyozoea kumwinulia baba yake. Mkono wa Pélagie ulifika karibu na shavu, ukasimama hapo hapo.

Mtoto alisubiri sana. Mwishowe akafumbua macho, akainamia beseni, akajinawisha mwenyewe, kisha akatoka nje kuvaa viatu.