Jitu la Darajani

Jumapili ile Rwegoshora hakusikia hata neno moja la mahubiri. Mchungaji alipanda akashuka, kwaya ikaimba, sadaka ikapita, naye akili yake ilikuwa darajani, mbele ya jitu la mawe. Jibu alikuwa amelipata. Lilimjia katikati ya sala ya toba, Mungu amsamehe, na tangu hapo alichotaka ni ibada iishe arudi nyumbani Ihembe akaliue.

Jitu lenyewe lilikuwa ndani ya gemu. Kabla ya kiharusi, Rwegoshora alikuwa dereva wa lori, mtu aliyesomba kahawa kutoka Kyerwa na Karagwe kuipeleka Bukoba mpaka kila kona ya barabara ile ikamjua. Kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na nusu ya mguu, ulimi kikauacha mzito. Binti yake Evelyn, mwenye duka la steshenari pale Omurushaka, alichoka kumwona anashinda barazani akitazama migomba kama abiria aliyeachwa na basi, akamletea kompyuta kuukuu ya dukani. Humo mtu fulani alikuwa ameacha gemu la zamani, la mashujaa wanne wanaoshuka chini ya mlima wenye mazimwi. Picha zake zilikuwa za miraba miraba na muziki wake ulikwaruza masikio. Lakini halikudai mikono myepesi, na hapo ndipo lilipomshika mzee.

Katika gemu lile hakuna aliyempiga mwenzake kabla ya zamu yake. Ungeweza kukaa ukifikiri hadi chai ipoe, na zimwi limesimama linakungoja kwa adabu. Aliyevaa chuma zamu yake ilichelewa. Aliyevaa ngozi aliwahi, ila akiguswa vibaya amekwisha. Uchawi ulikuwa wa kiasi, ukiisha lazima mlale, na mkilala mahali pabaya mnavamiwa usingizini. Aliyekufa alibaki maiti mpaka wenzake wambebe mgongoni hadi hekaluni, kule juu kabisa. Mzigo, mwendo, akiba, mahali salama pa kulala: Rwegoshora aliyaelewa mara moja, maana ndiyo yaliyomlisha ujana wake wote.

Mashujaa wake aliwapa majina mwenyewe, akibonyeza herufi moja moja kwa mkono wa kushoto. Mpiganaji wa mbele, mwenye chuma kizito, alimwita Tanikumi. Mpiga mishale mwepesi akawa Utingo. Mganga akawa Sista, na mchawi wa radi akamwita Fundi Umeme. Mkewe Jenifa alikuwa akipita na ungo wa maharage na kuuliza, "Sista hajambo leo?" naye alijibu kwa uzito wote, "Amechoka. Nimemlaza."

Jitu la darajani lilikuwa limewaua kwa majuma. Ukilijeruhi, zamu ifuatayo jeraha linajifunga lenyewe. Na lilikuwa na kinyongo: lilimwandama yule aliyeliumiza zaidi. Kila aliposhindwa, Rwegoshora alitukana kwa Kinyambo, lugha ya kwao, akarudi kwenye kumbukumbu aliyoihifadhi, akajaribu njia nyingine. Kumbukumbu hiyo ilikuwa moja tu. Gemu la kale lile halikukupa nafasi ya pili. Ukihifadhi mpya, ya zamani imefutika.

Jibu alilopewa kanisani lilikuwa hili: amvue Tanikumi chuma chote. Akiwa mwepesi angewahi zamu, angelipiga jitu kwanza, kinyongo kingemgeukia yeye, na Fundi Umeme angepata nafasi ya kukusanya radi. Lilikuwa wazo la kichaa. Ndiyo maana lilimfurahisha.

Aliposhuka kwenye bajaji uani na Jenifa kupitiliza jikoni, mwanawe Yustus alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu. Yustus alikuwa karani wa ofisi huko Bukoba, amekuja jana yake kumsalimia baba, na asubuhi aliomba kubaki apumzike.

"Shikamoo, Taata. Mmerudi?"

"Marahaba. Nipishe."

"Ngoja kwanza. Nimekuandalia kitu." Akamshika kiwiko kumwingiza ndani, akamketisha, akamfungulia kompyuta. "Tazama."

Rwegoshora alitazama. Daraja lilikuwa nyuma yao. Mashujaa wanne walisimama ng'ambo, kwenye ukumbi ambao hakuwahi kuuona, wamejaa dhahabu. Pembeni mwa kila jina uhai ulikuwa umeandikwa kwa tarakimu nne: tisa, tisa, tisa, tisa. Hata Sista, ambaye kofi la panya lilikuwa likimlaza, alikuwa na tisa zile zile.

"Jitu liko wapi?"

"Nimeliua! Nilikuona jana unavyohangaika, roho ikaniuma. Kuna maneno ya siri watengenezaji waliyaacha humo ndani, ukiyaandika tu mashujaa hawafi. Vijana wanaita chiti. Pigo moja, likaanguka. Sasa utacheza kwa raha mpaka mwisho."

"Umehifadhi?"

"Ndiyo, nimehifadhi. Usiwe na wasiwasi."

Rwegoshora alihisi joto hata kwenye ule upande wa uso ambao kwa kawaida hauhisi kitu. Alitaka kusema, ulimi ukakataa. Ulimi ulikuwa hivyo, hasira ikija ndipo unapogeuka gogo. Akaipiga meza kwa ngumi ya kushoto hata kipanya kikaruka.

"Nani... amekutuma?"

"Taata?"

"Nani amekutuma!"

Jenifa alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kuna nini tena, Jumapili yote hii?"

"Mwanao ameniibia."

"Nimekuibia nini?" Yustus alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini. "Taata, ni gemu tu."

Hapo alikosea. Kama angenyamaza, huenda mambo yangeishia kwenye meza. Lakini neno lile "tu" lilimwingia mzee kama mwiba chini ya ukucha, na ulimi, ajabu, ukafunguka.

"Ng'ombe wangu mliuza, mkaniambia baadaye. Mkasema ni mzee huyu, atamkamua kwa mkono upi. Kahawa mlichuma, mkaanza na upande wa chini, mimi hapa nimekaa na mdomo ninao, hakuna aliyeniuliza. Viatu vyangu vya kamba mmeficha, mmeniletea vya kubandika kama vya mtoto wa chekechea. Mama yako ananikatia ndizi sahanini. Nikinyanyuka mnanishika, nikikohoa mnaniletea maji! Nimebakiwa na nini ninachofanya mwenyewe? Hicho. Nilikuwa nashindwa mwenyewe, Yustus. Hata kushindwa mmeninyima!"

Jenifa alipakua chakula, maana hakuna ugomvi unaozuia ndizi kupoa, na kwa mazoea akachukua kijiko akaanza kumkatia mumewe zake. Rwegoshora aliusukuma mkono wake. Si kwa nguvu, lakini kijiko kilianguka, nao wote watatu wakakitazama pale sakafuni.

Kisha akachukua fimbo na panga, akatoka.

Mkungu aliouendea ulikuwa karibu na ua, umekomaa, mgomba wake umeinama. Enzi zake angeukata huku akiongea na simu. Sasa aliiegemeza fimbo, akajibana kwenye mgomba kwa bega bovu, akapiga kwa kushoto. Panga likateleza. Akapiga tena. Safari hii lilizama, mgomba ukalia, ukaanza kuja, na yeye hakuwa na mkono wa kuupokea mkungu wala mguu wa kuukwepa. Ukamgonga begani, akaenda chini pamoja nao kwenye majani makavu.

Yustus alikuwa amefika kabla hajamaliza kuanguka.

"Usiniguse!"

"Taata, umeumia!"

"Nimesema usiniguse!"

Alijaribu kuinuka, mguu ukamsaliti. Akajiburuta hadi kwenye mbuni wa kahawa, akaushika shina, mbuni ukapinda lakini haukuvunjika. Akapumzika, akatukana, akajaribu tena. Yustus alisimama hatua chache, ameikunja mikono kifuani kama anayejifunga kamba mwenyewe, na machozi yanamtoka kwa hasira.

"Unafikiri mimi ni wa mawe?" alifoka. "Unajua nani alipigiwa simu siku ile? Mimi! Niliingia wodini nikakuta mdomo wako umekwenda upande, unanitazama hunijui. Nikakaa pale nikihesabu pumzi zako. Halafu unaniambia nikutazame unaanguka! Mimi siwezi, Taata. Jana nilikuona unapigwa na lile jitu, unapigwa, unapigwa, na uso wako umekuwa kama wa siku ile. Nikasema basi, hili angalau naweza kulimaliza."

Rwegoshora alikuwa amepiga goti moja sasa. Hakuwahi kuambiwa habari za wodini. Katika nyumba yao siku ile ilifunikwa kama shimo la choo, watu walipita pembeni. Alimtazama mwanawe, mtu mzima mwenye suruali ya ofisini iliyopigwa pasi, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba naye alikuwa ameshindwa na kitu asichoweza kukipiga. Hasira haikuisha. Ila ilikosa mahali pa kukaa.

"Huo uso," alisema akihema, "ni uso wangu wa kufikiri."

Akainuka. Ilichukua muda, na haikuwa kazi ya kupendeza kutazama. Alipokuwa wima, ametapakaa majani na utomvu, akauelekeza mkungu kwa panga.

"Huo beba. Huo siwezi."

Yustus aliubeba.

Jioni alijaribu kuirudisha kumbukumbu ya zamani, akaperuzi simuni, akapiga simu kwa rafiki yake mwenye ujuzi, ikashindikana. Asubuhi ya Jumatatu, akielekea kupanda basi Omurushaka, alisimama mbele ya baba yake akisugua mikono.

"Nisamehe, Taata. Nimekuharibia."

"Umeniharibia," Rwegoshora alikubali. Hakuongeza kitu cha kumpunguzia mtoto uzito. Lakini alipokea mkono wake, akaushika kwa kitambo kirefu kuliko kawaida. Mwanawe alipoondoka, mzee aliwafuta mashujaa wa tisa tisa mmoja mmoja, akaanza upya, na ghorofa ya kwanza kabisa panya wakamla Sista.

Kahawa ilipoiva, yeye ndiye aliyesema waanze na upande wa juu. Jenifa alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kuwaambia wachumaji. Sahani nayo ilikuja na ndizi nzima. Aliposhindwa kuikata alihangaika nayo, na mkewe aligeuka kutazama nje.

Mashujaa walifika tena darajani alasiri moja ya mvua. Rwegoshora alimvua Tanikumi chuma, jinsi alivyofunuliwa kanisani, akashambulia. Tanikumi aliwahi zamu vizuri sana, akapiga vizuri sana, na jitu likamponda kwa pigo moja. Wengine wakafuata.

Wazo alilolililia vile, lililomfanya amfokee mwanawe na kuangushwa na mkungu, lilikuwa la kipumbavu tangu mwanzo. Hasira alizosikia hapo zilikuwa mpya, maana hakukuwa na wa kumbebesha. Akatukana jitu, akatukana gemu, akajitukana mwenyewe kwa Kinyambo na Kiswahili. "Mzee, majirani!" Jenifa aliita kutoka jikoni.

Akarudi. Akapigwa. Siku zikaenda hivyo, mpaka akaacha kulitazama jitu mikono akaanza kulitazama miguu. Kila jeraha lilipojifunga, jitu lilikuwa limekanyaga mwamba. Katikati ya daraja, hata hivyo, palikuwa na mbao. Akamrudisha Tanikumi ndani ya chuma chake, akamtuma Utingo alichome mshale na kurudi nyuma, mshale na kurudi nyuma, na jitu kwa kinyongo chake likamfuata hadi juu ya mbao. Pale jeraha la kwanza halikujifunga. Wala la pili. Utingo alibakiwa na uhai kidogo, Sista akajitupa kumtibu, pigo lililomlenga Utingo likamwua Sista, na zamu iliyofuata ilikuwa ya Fundi Umeme.

Rwegoshora alibonyeza radi.

Jitu lilianguka mtoni. Gemu halikushangilia sana, lilipiga tarumbeta fupi ya kukwaruza, basi.

"Limekufa?" Jenifa aliuliza mlangoni. Alikuwa amesikia ukimya.

"Limekufa. Na Sista amekufa." Alifuta jasho. "Kosa langu. Nilimwacha karibu mno."

Yustus alipiga simu kabla giza halijaingia, kama alivyozoea siku hizo, akasalimia, akauliza dawa, akauliza mvua, akizunguka zunguka neno asilotaka kulisema. Mwishowe akaambiwa. Palikuwa na kelele upande wa pili, kisha swali: "Ulifanyaje, Taata?"

"Siku ukija utalikuta. Nitakufungulia mchezo wako, utalifikia mwenyewe, likuue mpaka uchoke."

"Nisaidie hata kidogo."

"Nikusaidie!" mzee alifoka, na safari hii hakuna aliyeogopa, wala mkewe aliyekuwa akichambua maharage. "Kata simu. Nina maiti ya kubeba."

Maiti ilimwelemea Tanikumi, na zamu zake zikachelewa kuliko wakati wowote. Njia ya kwenda hekaluni ilikuwa ndefu, ina panya, na Fundi Umeme hakuwa na radi hata moja. Rwegoshora alivuta kiti karibu na meza, akatafuta mahali pa kuwalaza.