Ongeza, Punguza, Hapo Hapo

Mume wangu anatengeneza maikrofoni za redio za CB, zile ambazo madereva wa malori huitana nazo barabarani. Anazozipenda ni zile kongwe za mezani, nzito, zenye shingo ya chuma, na tumboni betri na kikuza sauti kidogo ili anayeongea asikike mbali. Mtu akimshauri ahamie kwenye hizi mpya za plastiki, Baba Pacha hununa mpaka jioni.

Nimekaa naye miaka thelathini na moja, na bado nikimtazama akifungua moja nasahau sufuria jikoni. Kwanza hutoa betri, maana betri iliyosahauliwa ndani huvuja na kula nyaya. Hupangusa swichi kwa spiriti. Ule waya uliojisokota huupapasa kidole kwa kidole mpaka apate palipokatika ndani, ingawa kwa nje hauonyeshi kitu. Kisha tone moja la risasi ya kuunganishia nyaya, linang'aa, basi. Mikono hiyo hiyo ikishika kikombe cha chai, lazima imwage.

Kazi ngumu ni ya mwisho. Chini ya maikrofoni kuna kitufe cha kuzungusha, cha nguvu ya sauti. Kikiwa chini mno, husikiki. Kikiwa juu mno, sauti inapasuka na ngurumo ya injini inameza maneno. Na anayeongea hawezi kujisikia mwenyewe, lazima awepo mtu wa pili, mbali, mwenye redio nyingine. Mtu huyo ni mimi. Naketi kwenye gari letu bovu mwisho wa mtaa, yeye anahesabu moja mpaka kumi akiwa karakana, nami namwelekeza: "Ongeza. Ongeza. Punguza kidogo. Hapo hapo!" Madereva wakimsifu fundi, mimi najichekea, kwa sababu nusu ya sifa hizo ni zangu.

Jumanne asubuhi akaingia Kona, dereva aliyepewa jina hilo kwa kusimulia kona za mlimani mpaka watu wanasinzia. Kona husalimia hata paka wetu. Siku hiyo hakusalimia mtu. Aliweka maikrofoni yake mezani.

"Mzee, umeniua."

"Mbona umesimama? Kaa useme," akajibu Baba Pacha.

"Jana rejeta ilipasuka mlimani, nikaita kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Wenzangu wanapita, wanasikia mkoromo tu kama mashine ya kusaga. Mmoja akanijibu niache fujo! Sasa wanauliza, hiyo takataka nani kaitengeneza? Nimewanyamazia kwa heshima yako. Wakiuliza tena, niwaambie nini?"

Baba Pacha akaigeuza maikrofoni. "Kitufe kiko juu sana. Umekigusa?"

"Sijakigusa. Kiko vile vile alivyonikabidhi mama."

Kweli, mimi ndiye niliyemkabidhi. Tulikuwa tumemaliza tu kuipima, Baba Pacha akatoka kwenda kununua betri, Kona akaja na haraka zake, nikampa kwa mikono miwili. Nilijiona fundi siku hiyo.

"Njoo kesho," Baba Pacha akamwambia. "Na unisamehe. Kosa ni la karakana yangu."

Kona alipoondoka, nilisimama mlangoni nikikunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Miezi mingi nilikuwa najua. Watoto wakija kututembelea walikuwa wakilalamika kuhusu sauti ya televisheni, jirani alikuwa akibisha hodi hadi achoke. Sikusema kwa sababu niliogopa. Watoto wamekua wameondoka, na ile kazi ya kwenye gari ndiyo iliyobaki ambayo tuliifanya pamoja. Lakini jina la mume wangu lilikuwa linachafuka, na mchafuaji ni mimi.

"Baba Pacha, maikrofoni haina kosa. Ni masikio yangu. Nilikuwa nasema ongeza kwa sababu sikusikii."

Aliendelea kuipangusa ile maikrofoni. "Najua."

"Unajua nini?"

"Mwaka wa pili sasa. Ukishasema hapo hapo, mimi narudisha nyuma robo mzunguko. Hii ndiyo pekee niliyokuwa sijairudisha."

Hasira zikanipanda, nisiseme uongo. Mwaka wa pili napikwa na joto ndani ya lile gari, napayuka ongeza, punguza, kumbe nachezewa! "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, usingetoka tena ndani ya nyumba. Nakujua. Halafu mimi ningemhesabia nani?"

Nikakiweka kile kitambaa mezani.

Akachukua ufunguo wa gari kwenye msumari, akaniashiria kigoda chake. Miaka yote ile sikuwahi kukikalia. Nilimtazama akishuka mtaa na goti lake bovu, akaingia garini. Nikafungulia spika ya redio mpaka mwisho, nikaivuta maikrofoni ya Kona. Nikabonyeza swichi. Chuma kilikuwa baridi.

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu."

"Punguza," ikaja sauti yake.

Nikapunguza. "Nne. Tano."

"Punguza tena, Mama Pacha."

"Sita. Saba."

"Hapo hapo. Usikiguse."

Nilikuwa bado sijaondoa kidole kwenye kitufe, ikaingia sauti ya dereva nisiyemjua, kutoka barabara kuu huko. "Mama unayehesabu, unasikika utadhani umekaa humu na mimi. Maikrofoni hiyo nani kaitengeneza?"

Nikabonyeza swichi. "Baba Pacha," nikasema.

"Na Mama Pacha," ikaingia sauti kutoka kwenye gari bovu.