Pazia la Nella

Alhamisi, tarehe nane Novemba 1962. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata mnara wa kanisa haukuonekana, kisha yakaanza manyunyu, yale ya Zeeland, pwani ya Uholanzi, yasiyojua kuacha. Hata hivyo Janna, aliyekaa ng'ambo ya barabara, aliliona vizuri pazia jipya la Nella Wisse. Lilikuwa la kahawia, zito kama blanketi, na tangu Jumatatu lilifungwa kila jioni, mara tu taa ilipowashwa.

Mtaa ule hakuna aliyefunga pazia. Jioni watu waliwasha taa wakala viazi vyao mbele ya macho ya wapita njia, ili kila mtu ajue hawana la kuficha. Nella naye alikula hivyo miaka yote ya ndoa yake, na hata baada ya mumewe, Leendert, kufariki. Sasa alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, na alikuwa amechoka kutazamwa akitafuna.

"Shoga, umenunua televisheni?" Janna alimuuliza kwenye duka la mikate, watu wakisikia.

"Sina."

"Basi una mwanamume."

"Kwa magoti haya?"

"Sasa unafanya nini humo ndani?"

"Nakaa."

Watu walitazamana. Kukaa! Angesema televisheni, ambayo kanisa lao liliihesabu dhambi, angalau wangejua la kumwombea.

Saa kumi na moja jioni Marinus Blok, mzee wa kanisa, alibisha hodi. Nella alijua kilichomleta. Jumapili ilikuwa siku ya Meza ya Bwana, na Blok alikuwa na uwezo wa kumzuia mtu asiikaribie. Nella hakuwahi kuikosa tangu ujana wake. Alijiona akilini amebaki peke yake kwenye benchi huku wenzake wakisogea mbele. Lakini alimkaribisha mgeni, akawasha taa, akavuta pazia.

"Dada, acha wazi," alisema Blok.

"Mzee, umekuja kuona ninachofanya nikifunga. Nikiacha wazi utaona nini?"

 Blok alizungusha macho chumbani: meza, saa ya ukutani, Biblia, viti viwili.

"Unaficha nini, Nella?"

"Magoti. Napiga magoti pale, kwenye kiti cha Leendert. Mwezi uliopita niliomba muda mrefu kidogo, na kesho yake Janna akaniuliza ni dhambi gani hiyo kubwa namna ile."

Blok alikohoa. Kikohozi chenyewe kilifanana sana na kicheko.

Nella alimimina kahawa. Alimpa biskuti moja, akalifunga kopo, kama ifanyikavyo katika kila nyumba yenye heshima. Kisha akalitazama pazia, akalifungua tena kopo.

"Chukua, mzee. Nani anaona?"

Blok alichukua ya pili. Ya tatu hakungoja kukaribishwa. Alilegeza kola iliyokuwa ikimbana shingo, akanyoosha miguu mpaka chini ya meza. Nella naye akakaa. Mvua ilipiga kioo. Miaka yote Nella hakuwahi kugundua kwamba mzee huyu alikuwa mtu aliyechoka.

"Huwa hivi kila jioni?" Blok aliuliza.

"Kila jioni."

"Mm."

Mara mlango uligongwa kwa ngumi. Nella alifungua. Nje alisimama Kee, mke wa Blok, chini ya mwavuli, na nyuma yake Janna pamoja na mwoka mikate, aproni bado kiunoni.

"Mume wangu yumo?"

"Yumo."

"Na pazia limefungwa?"

Blok akatokea, kola wazi, makombo kidevuni.

"Marinus! Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tumekaa."

"Mmekaa tu?" Janna alidakia. "Hivihivi tu?"

Macho yote yakamwelekea Blok, yaleyale yaliyokuwa yakimwandama Nella tangu Jumatatu. Mkono wake ulipanda kwenye kola. Angeweza kusema kwamba mwanamke huyu ndiye aliyefunga pazia, na kwamba yeye alikataa. Ungekuwa ukweli mtupu. Nella alishika kitasa cha mlango akamwomba Mungu kimoyomoyo, macho wazi.

"Nimekula biskuti tatu," alisema Blok.

Kee alishusha mwavuli.

"Tatu!" Mwoka mikate aliangua kicheko. "Kwangu mwaka mzima hujawahi kuonja ya pili!"

"Tatu. Na ya nne ningeila kama msingekuja kugonga."

Kisha akainua mkono wa kulia, kama afanyavyo kanisani, mvua ikimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Sikieni nyote. Kee, nawe sikia. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: Jumapili Nella Wisse atakuja kwenye Meza ya Bwana kama kawaida yake, nami nitakaa kando yake. Na yeyote atakayenijia na habari za pazia la jirani, nitamrudisha nyumbani akafunge lake."