Kijipande cha Primus

Programu mpya iliwekwa kwenye kompyuta ya maabara Jumatatu moja ya mwaka 2004, pale Moshi mjini, na kufikia Ijumaa marehemu walikuwa wameanza kuja kuangalia majibu yao. Walikuja alasiri, wakaketi kwenye benchi la korido, na umeme ulipokatika walisubiri bila kunung'unika. Mkuu wa maabara akaagiza benchi la pili.

Mwendeshaji wa programu hiyo alikuwa Mektrida. Iliunganisha vinasaba, vipimo vya shinikizo la damu na ukoo wa kila aliyetoa damu kwa ajili ya utafiti, ikachora vyote kwenye kioo kimoja. Familia yake ya Kirua Vunjo ilikuwamo: yeye, baba yake Mzee Melkior aliyefariki mwaka uliopita, na mdogo wake Primus, kitinda mimba.

Primus huyo! Mektrida alimwonea wivu kwa kulisikia jina tu. Primus aliishi Dar, akija Krismasi kula nyama na kujisifu. Aliyepalilia kahawa, akamkatia ng'ombe majani na kumwogesha baba mpaka mwisho ni Mektrida. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa, ukampa Primus kihamba chote, shamba la baba lenye migomba, kahawa na nyumba, kwa kuwa ndiye mwana wa kiume wa mwisho. Mektrida aliambiwa ataolewa. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Basi alasiri ya Ijumaa hiyo akawachagua wao watatu tu, akabonyeza. Picha ikaja. Watoto wote wawili walikuwa nusu ya baba, isipokuwa kwenye jozi moja ya kromosomu: binti alirithi X ya baba, ndefu, imeshiba, Primus alipewa Y, kijipande. Kijipande hicho ndicho kilichobeba shamba zima.

Alipogeuka, baba yake alikuwa mlangoni, amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nimekuja kuona majibu."

Mektrida akamweleza yote, akimwonyesha kwa kidole. Mzee alitazama kwa makini.

"Kumbe wewe ndiye uliyenichukua zaidi."

"Ndiyo, baba. Na kihamba je?"

Mzee akatoa ndani ya koti jani bichi la isale, lililokatwa mpakani mwa shamba, akamnyooshea kwa mikono miwili. Uchaggani anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama aliyeleta ni marehemu.

"Baba, usinifanyie hivyo. Nipe hata kile kipande cha kule mferejini."

"Kihamba ni cha Primus. Mimi nimekuja kuomba radhi tu."

Mektrida akalipokea. Alimsamehe baba yake, tena kwa moyo wote. Primus hakuwa ameleta jani lolote, kwa hiyo wivu ulibaki palepale ulipokuwa. Mzee aliaga, na marehemu aliyefuata kwenye foleni akaingia.

Jumamosi asubuhi Mektrida alipanda Kirua, akakata majani, akamlisha ng'ombe wa Primus.