Kichupa cha Kioo

Bi Taratibu, kama wenzake walivyozoea kumwita, alikuwa akiifuta meza ya maabara kwa spiriti, akianzia pembeni akija katikati kama kila asubuhi. Nyuma yake mkuu wa maabara alitoa kichupa kwenye friji, akakigonga kwa ukucha. Kikalia.

"Hiki ni kioo," mkuu alisema. "Maji ya uti wa mgongo ya yule mzee fundi cherehani. Nani kayatia humu?"

Kitambaa kikamsimama mkononi. "Mimi."

Hakuhitaji kuelezwa. Protini waliyoipima hunata kwenye kioo, ndiyo maana maji yale huwekwa kwenye plastiki maalumu. Ikishanata, mashine huisoma kidogo, na ikiwa kidogo, daktari hushuku ugonjwa wa kusahau. Jana vichupa vya plastiki vilimwishia. Vingine vilikuwa chumba cha pili, lakini huko wenzake walikuwa wakipiga soga na kucheka, naye akaona haya kuwaingilia. Akachukua kilichokuwa karibu.

"Majibu nimeyazuia," mkuu alisema. "Itabidi mzee achomwe tena. Wako nje na mkewe. Kawaambie mwenyewe."

Kwenye benchi la korido fundi alikuwa amekaa upande, mkono kiunoni. Mkewe alimwahi Bi Taratibu hata kabla ya salamu.

"Mwanangu, tuambie tu, tumeshajiandaa. Huyu juzi kanishonea gauni la mikono mitatu."

"Wa tatu ulikuwa mfuko," mzee akajitetea.

"Mfuko gani unaanzia begani?"

Siku nyingine Bi Taratibu angecheka. "Baba, itabidi uchomwe tena mgongoni. Maji ya jana… hayakufaa."

Mzee akainamisha kichwa. "Nilijua. Daktari aliniambia nisitikisike, nami nikatikisika kama mtoto. Nisamehe, mwanangu. Nimewaharibia kazi."

"Si nilikwambia utulie?" mkewe akamshukia. "Mzee mzima, sindano moja tu!"

"Nimekosa, mke wangu. Basi."

Njia ya kutokea ndiyo hiyo, imefunguliwa na mzee mwenyewe. Ilitosha Bi Taratibu aitikie kwa kichwa na kurudi ndani. Mzee alikuwa ameshaanza kuchomoa shati kwenye suruali, polepole, bila kumtazama mtu, kama anayekwenda kupokea adhabu yake.

"Baba, acha kwanza," Bi Taratibu alisema, na sauti yake, ambayo wenzake humwinamia ili waisikie, ikafika mwisho wa korido. "Hata kama ulitikisika, maji yako yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyeyatia kwenye chupa mbaya. Niliona haya kwenda kuomba nzuri. Usimgombeze, mama. Kosa ni langu."